Paa la vigae linavuja tangu sola ifungwe: fuata dalili, upate chanzo

Simu hizi huja kwa msimu. Sola inafungwa Januari, jua likiwa kali, kila kitu kinawaka na mwenye nyumba anafurahi. Masika yakishuka Machi, doa la rangi ya chai linajitokeza kwenye jipsamu ya sebuleni. Fundi anaitwa, anakuja na tyubu ya silikoni, anapaka, anaondoka. Mvua ya tatu doa limerudi, safari hii limesogea futi mbili upande wa dirisha.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya nyumba zenye vigae halisi: vya udongo, vikiwemo vile vya asili ya Mangalore, India, kwenye nyumba za zamani za Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, na vya saruji kwenye nyumba za siku hizi. Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia, na ukaguzi unaanzia ardhini na darini. Ukianza kwa kupanda juu ya paa kutafuta kigae kimoja kilichopasuka, utashuka umeacha vinne.

Kigae kinafanyaje kazi

Kigae hakizibi maji. Kinayapokea na kuyakabidhi kwa kigae cha chini yake, nacho hivyo hivyo, mpaka kwenye gata. Kila kigae kimempandia mwenzake, na kinga yote ya nyumba imo katika huko kupandiana. Ukikiinua milimita chache, ukikimega ukingo au ukiujaza mfereji wake silikoni, maji yatatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni ndani. Nyumba zetu nyingi za pwani hazina hata karatasi ya nailoni chini ya vigae. Panda darini mchana uzime tochi, utaona vijimwanga vikipenya kama nyota. Kwenye paa la namna hiyo kosa dogo halina cha kulizuia.

La pili ni uzito. Vigae vya saruji peke yake vina kilo 40 hadi 50 hivi kwa kila mita ya mraba. Paneli na reli zake huongeza kama kilo 12 hadi 15. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ikiwa nzima na imara kwa kawaida huubeba mzigo huo, ila swali ni unatua wapi. Unatakiwa utue kwenye mbao za kenchi kupitia kulabu, vile vyuma vinavyoshika reli za sola. Usitue kwenye papi, zile mbao nyembamba zinazolaliwa na vigae, na usitue hata kidogo kwenye kigae. Kumbuka pia kwamba upepo wa kusi hauisukumi paneli chini tu. Ukiingia chini yake unaivuta juu, kwa hiyo kulabu inavutwa na kukandamizwa mwaka mzima.

Kabla hujagusa chochote

Paneli haina swichi. Maadamu kuna mwanga, ina umeme. Paneli 10 zilizoungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 40 hadi 50, ni volti 400 hadi 500 za DC (umeme wa mkondo mnyoofu), na cheche ya DC haikatiki kirahisi kama ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Zima upande wa AC (umeme wa nyumbani) wa inveta, kisha swichi ya DC. Usichomoe plagi za MC4, zile zinazounganisha waya za paneli, wakati mkondo unapita.

Usipande paa lililolowa, wala lenye ukungu wa kijani kabla halijakauka kabisa. Funga kamba ya usalama kwenye kenchi. Gata na reli za sola si mahali pa kujifungia. Ukikosa ngazi ya kulalia paa na mtu wa kuishika ya chini, hiyo kazi si ya leo.

Dalili ya kwanza: maji yanadondoka, au doa linakua, kila mvua inaponyesha

Anza darini wakati mvua inanyesha, au mara tu inapokatika. Chukua tochi na chaki. Usitazame mahali maji yanapodondokea. Fuata unyevu kwenye ubao kwenda juu, mpaka mahali unapoanzia. Maji hutembea juu ya mbao ya kenchi mita moja, mbili, kisha yanaanguka kwenye msumari au fundo. Weka alama ya chaki na tarehe. Kisha pima kwa futi kutoka ukutani, uhamishie kipimo hicho nje, uone kama alama yako iko chini ya paneli, chini ya kulabu, au mbali na sola kabisa.

*Kigae kilikanyagwa.* Hiki ndicho kisababishi ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote. Mafundi watatu wamebeba paneli ya kilo 25 na ushei, macho yako kwenye paneli, miguu inatafuta pa kukanyaga. Kigae kinapasuka kwa sauti ndogo ambayo hakuna anayeisikia. Ufa wake ni mwembamba kama unywele, na hauonekani mpaka ulowe. Ukifika hapo juu, gonga kigae kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia kama chungu kizuri, kilichopasuka kinatoa sauti iliyokufa. Angalia hasa njia waliyopita kutoka kwenye ngazi, na safu iliyo chini kidogo ya paneli za mwisho, ambako huwa wanasimama kukaza vibano.

Dawa ni kubadilisha kigae. Inua vile viwili vya juu yake kwa kabari za mbao, chomoa kilichopasuka, ingiza kizima, hakikisha meno ya nyuma yameshika papi na mfereji wa pembeni umeingia kwenye wa jirani. Kama ulazima wa kutembea juu upo, kanyaga sehemu ya chini ya kigae, pale kinapolalia kingine na papi iko chini yake, usikanyage katikati. Vile vya Mangalore vilivyozeeka visikanyagwe kabisa. Weka ngazi ya kulaza au ubao wenye sponji chini, uzito usambae.

*Kulabu inagusa kigae cha chini.* Nilipofungua paa moja mwaka juzi, niliinua kigae juu ya kulabu ya tatu nikakuta kile cha chini kimemegeka umbo la mwezi mwandamo, kipande kama ganda la chungwa, na kwenye udongo kuna mstari wa kijivu uliong'arishwa na chuma. Kulabu ilikuwa imelala juu ya kigae bila nafasi hata ya karatasi. Kila upepo ukivuma inakandamiza, inaachia, inakandamiza. Ilikaa miezi minne ikapasua.

Mkono wa kulabu unatakiwa upite kwenye mfereji wa kigae, usipite juu ya mgongo wake, na uache nafasi ya milimita 5 hivi usigusane. Ikiwa inagusa, fungua skurubu na uweke kipande cha mbao ngumu au plastiki ngumu chini ya bamba la kulabu mpaka ipande kidogo, kisha ufunge tena kwenye kenchi kwa skurubu ndefu zaidi. Tumia skurubu za milimita 8, zizame walau milimita 60 ndani ya mbao ya kenchi, na utoboe kwanza kwa keekee yenye biti ndogo. Ukiikaza skurubu kama hiyo bila tundu la kutangulia, mbao kavu inapasuka kwa urefu na kulabu haina tena inachoshika.

*Kigae cha juu hakikukaa.* Kulabu inapotokea kati ya vigae viwili, cha juu kinanyanyuka kwa unene wa chuma. Ukisimama pembeni ya paa ukatazama safu kwa jicho moja, utaona kinywa kimeachama. Fundi mwangalifu huchukua grainda yenye diski ya almasi, anasaga sehemu ya chini ya kigae, pale tu chuma kinapopita, kwa kina kinachotosha chuma hicho, basi. Kazi hiyo ifanywe chini, kigae kikiwa kimelala kwenye mchanga au gunia. Akisagia juu ya paa, vumbi na mtikisiko vitaharibu majirani. Kigae cha udongo chembamba kikigoma kusagwa, weka mahali pake bamba la alumini au bati lililokunjwa kwa umbo la kigae, lipande juu ya kile cha chini na lifunikwe na cha juu kama kigae kingine chochote.

*Tundu la waya.* Ni dogo, linasahauliwa. Waya zimepitishwa chini ya kigae kilichoinuliwa kwa jiwe, au kigae kimetobolewa kwenye mfereji, ndiko maji yote yanakopita. Waya uingie chini ya kofia ya juu ya paa au kupitia kigae maalumu chenye mdomo unaotazama chini. Kabla ya kuingia, waya ushuke kwanza uunde tumbo, maji yadondokee hapo yasiufuate ndani.

*Kigae kimetobolewa kwa bolti ndefu.* Wengine hawatumii kulabu. Wanatoboa kigae na kupitisha bolti yenye mpira hadi kwenye kenchi. Kwa vigae vya bati njia hii ina nafasi yake. Kwa udongo siishauri. Mpira unakakamaa juani, tundu linabaki. Ikiwa tayari ipo na huna uwezo wa kubadili zote mara moja, angalau hakikisha tundu liko mgongoni mwa kigae, na anza kubadili yale yaliyo mfereji.

*Takataka chini ya paneli.* Majani ya mwarobaini, maua ya mwembe, na kunguru wetu wa pwani ambao hujenga kwa vipande vya seng'enge na mifupa ya samaki. Hujaa kati ya paneli na vigae, maji yanasimama nyuma yake, yanapanda juu ya kigae na kuingia. Usivute kwa mikono yenye haraka, kwani kwenye kiota hicho kuna waya za DC. Zima kwanza, tumia mti au bomba la plastiki, na baada ya kusafisha fungia wavu kuzunguka paneli.

*Siyo sola.* Chaki yako ikikuonyesha chanzo kiko mita tatu kutoka kwenye paneli, angalia kofia za juu, bonde la paa, na mahali paa linapokutana na ukuta. Nimewahi kuona fundi wa watu akitukanwa kwa uvujaji ulioanza kabla hajazaliwa. Doa la zamani lilikuwa limepakwa rangi tu. Tuwe waadilifu kwa mafundi wetu pia.

Ukishindwa kuona kwa macho, fanya jaribio la bomba siku ya jua. Mmoja awe darini na tochi, mwingine juu ya ngazi na bomba la kumwagilia bustani, maji yakitoka taratibu bila presha. Anza chini, safu ya mwisho karibu na gata. Mwagilia dakika 10 hadi 15 safu moja, kisha panda. Ukianzia juu, maji yatateremka kote nawe hutajua yameingilia wapi. Usifanye jaribio hili kama kuna waya uliochubuka au paneli yenye kioo kilichopasuka.

Kuhusu silikoni

Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye vigae, ukiuziba ufa kwa silikoni utajenga dari. Silikoni haishiki kwenye udongo wenye vumbi, jua la saa saba linaifanya iachie pembeni, na kabla haijaachia inaziba mfereji ambao maji yalitakiwa yateremkie. Mbaya zaidi, inamficha mwenye nyumba asione kosa mpaka mbao zioze. Ninaikubali kwa jambo moja: kushikilia kigae kilichopasuka kwa wiki moja mbili, masika yakiwa yamepamba moto, huku kigae kipya kinatafutwa. Andika tarehe kwenye kalenda ya kukitoa.

Dalili ya pili: mvua ya kawaida haina neno, ila ikija na upepo inavuja

Hapa kigae kizima kinaweza kuwa hakina kosa. Upepo unasukuma maji kwenda juu, yakipata kinywa kilichoachama yanaingia. Kwa hiyo kisababishi cha kwanza ni kile kile cha kigae kilichonyanyuliwa na kulabu, na dawa ni ile ile. Cha pili ni vigae vilivyosukumwa kando wakati wa kazi: kimoja kikisogea sentimita moja, kupandiana kwa pembeni kunapungua safu nzima. Simama ardhini utazame mistari inayoshuka, iliyopinda utaiona.

Cha tatu ni paneli zilizowekwa mpakani kabisa mwa paa. Acha walau sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye kila ukingo. Pembeni ndiko upepo unakozidi nguvu, na paneli inayochungulia nje ya ukingo inautega kama tanga la ngalawa, inatikisa kulabu na vigae vya mwisho. Kuirudisha ndani ni kazi kubwa ya kufungua reli, lakini hakuna njia ya mkato ninayoweza kukupa kwa moyo safi.

Mwisho angalia mwinamo. Vigae vya Mangalore vinahitaji paa lenye mwinamo wa kutosha, digrii 25 au zaidi. Kama mjenzi alilaza paa, sola imefichua tu udhaifu uliokuwepo.

Dalili ya tatu: vigae vinaendelea kupasuka na hakuna aliyepanda

Hii inanitisha kuliko uvujaji wenyewe, kwa sababu inamaanisha mzigo unatua pasipofaa.

Darini tena. Tafuta ncha za skurubu za kulabu. Ukiziona zimetokea chini ya papi, zinaning'inia hewani pembeni mwa kenchi, umekwisha kupata jibu. Papi ya inchi mbili kwa mbili imewekwa kubeba vigae vinavyoilalia; haikuwekwa kuvutwa na upepo kupitia paneli. Inapinda, kulabu inashuka, kigae kinavunjika. Kisha unabadilisha kigae, miezi miwili kinavunjika kingine, na mwenye nyumba anaanza kusema vigae vya siku hizi ni vibovu.

Kulabu zote za namna hiyo zihamishwe kwenye kenchi. Tatizo ni kwamba kenchi haikubali kila mara kukaa chini ya mfereji wa kigae unaoutaka. Zipo kulabu zenye bamba pana ambazo mkono wake husogezwa kushoto au kulia. Hizo ndizo za kununua. Zikikosekana, fundi seremala aingize darini kipande cha mbao nene kati ya kenchi mbili, akifunge pande zote mbili kwa skurubu au bolti, na kulabu ifungwe hapo. Kazi ya nusu siku, na inadumu.

Kisababishi kingine ni uchache wa kulabu. Fundi aliyebana gharama huziweka mbali mbali, reli inapinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na kulabu mbili za pembeni zinabeba mzigo wa wenzake. Fuata umbali uliotajwa na mtengenezaji wa reli. Karatasi hiyo huja ndani ya boksi, iombe.

Halafu kuna joto. Alumini inatanuka kama milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Reli ya mita 6 iliyokuwa nyuzi 22 alfajiri ikafika nyuzi 65 mchana imeongezeka karibu milimita 6. Reli ndefu iliyoungwa moja kwa moja paa zima bila nafasi ya kupumua inavuta kulabu za mwisho kila siku, kwenda na kurudi. Ikatwe na iachiwe nafasi, na paneli moja isikae juu ya pengo hilo.

Na mchwa. Chomeka bisibisi kwenye kenchi karibu na kila skurubu. Ikizama kama kwenye keki, au ukiona udongo wa mchwa ukipanda ubaoni, simama hapo. Usiongeze kulabu, usikaze kitu. Mwite seremala wa mapaa au mhandisi, na paneli zishushwe kabla ya lolote. Vivyo hivyo ukitazama paa kutoka barabarani ukaona mstari wa kofia umebonyea upande wa sola.

Dalili ya nne: kelele

Kelele za mchana na za usiku si moja. Mlio wa "tak, tak" jua linapochomoza na linapozama ni alumini inayotanuka na kusinyaa. Ukiwa mdogo na vigae ni vizima, uache. Mtetemo wakati wa upepo ni kibano kilicholegea au waya unaopiga kwenye kigae. Waya wote ufungwe kwenye reli kwa vifungio vinavyostahimili jua. Vile vyeupe vya bei ya chini hukatika ndani ya mwaka. Nyeusi hudumu zaidi. Vibano vikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kukaza kwa hasira kunapinda fremu ya paneli na kupasua kioo.

Mlio wa kuvuma au kukaanga, kama mafuta kwenye kikaango, hauhusiani na upepo. Huo ni umeme unaoruka. Zima swichi ya DC kama unaweza kuifikia salama, toa watu, piga simu. Usipande.

Dalili ya tano: inveta inagoma asubuhi au mvua ikinyesha, mchana inapona

Watu huitenganisha na paa, wanabadilisha inveta, na kosa linabaki. Inveta inapoonyesha kosa la insulesheni au la ethi kukiwa na umande, mara nyingi kuna waya uliobanwa: kati ya kulabu na kigae, chini ya reli, au chini ya kigae kilichorudishwa kwa haraka. Ganda limechubuka. Likikauka umeme unatulia, likilowa unavujia kwenye fremu na reli.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kutazama kwa macho kutoka kwenye ngazi, mfumo ukiwa umezimwa, na kuandika saa kosa linapotokea na hali ya hewa. Kumbukumbu hiyo itamwokolea fundi nusu siku. Kupima insulesheni kwa mita yake, kufungua plagi, kuunganisha waya upya, ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Kenya leseni za mafundi sola hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Tanzania wafungaji umeme hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Omba kuiona, usione haya. Na mpaka hapo, mtu asishike reli wala fremu kwa mkono mtupu.

Dalili ya sita: michirizi ya kutu kwenye vigae

Fupi tu: mtu alitumia skurubu za chuma cha kawaida. Chumvi ya bahari inazila, na zinapogusana na alumini, alumini nayo inaliwa haraka zaidi. Nyumba iliyo karibu na ufuo itumie stenlesi ya daraja la 316. Za 304 zinafaa bara. Badilisha moja moja, usifungue zote kwa pamoja.

Vigae vya bati

Vile vya chuma vilivyonyunyiziwa changarawe havipasuki, vinabonyea. Kosa lake la kawaida ni kukanyagwa kwenye mgongo na skurubu zenye mpira uliokazwa kupita kiasi mpaka ukatoka pembeni kama ulimi. Hapa unaruhusiwa kutoboa, ila iwe juu ya mgongo, ifike kwenye mbao, na vipande vya chuma vilivyotokana na keekee vifagiliwe siku hiyo hiyo. Vikibaki, mvua ya kwanza inaviotesha kutu juu ya paa zima.

Usiendelee peke yako ukiona haya

Maji yanadondoka kwenye taa, kwenye boksi la swichi au juu ya inveta: zima umeme mkuu kama unaweza kuufikia ukiwa mkavu, kisha toka. Harufu ya plastiki kuungua darini. Kioo cha paneli kimepasuka, hata kama bado inachaji. Silingi imetuna kama tumbo: usiitoboe ukiwa chini yake. Paa la nyumba ya ghorofa mbili, au lenye mwinamo mkali usioweza kusimama bila kushika. Katika yote haya, gharama ya fundi ni ndogo.

Vigae vya akiba

Jambo la mwisho linaloharibu matengenezo mengi ni kukosa kigae kinachofanana. Mifereji ya kila kiwanda ina vipimo vyake, na cha jirani kinaweza kufanana kwa rangi kisiingie kwenye mfereji. Geuza kigae chako utazame mgongoni. Vile vya zamani vina jina la kiwanda lililopigwa muhuri kwenye udongo. Wamisionari wa Basel, Uswisi, walianza kuvichoma Mangalore mwaka 1865, na bado unaweza kuokota vyenye muhuri wao pale nyumba ya zamani inapobomolewa. Piga picha ya muhuri, chukua kipimo cha urefu, upana na nafasi kati ya papi na papi, uende navyo kwa wauza vifaa vya nyumba zilizobomolewa. Tafuta 20 au 30 kabla fundi sola hajaleta ngazi. Uvisimamishe wima ukutani, mahali pakavu, bila kuvipanga kimoja juu ya kingine, maana vya chini hupasuka kabla havijapata kazi.